Mkono Unaojua Kujizuia: Nidhamu ya Yoga katika Kazi ya Kukanda Mwili

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kikundi cha wakandaji wa kambi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Sisi ni kikundi kidogo cha watu tisa: walimu wawili na vijana saba, wanawake watano na wanaume wanne. Mchana wengine tunashika chaki, wengine jembe, wengine cherehani. Jioni tunakanda watu wenye maumivu ya mgongo, shingo na miguu.

Siku hii ya tarehe 20 Juni ilianza kuadhimishwa duniani kote mwaka 2001, miaka 50 baada ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951. Kabla ya hapo ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Wengi wenu mnayajua hayo. Lakini pengine si wengi wanaojua kwamba kesho, tarehe 21 Juni, nayo ni siku ya Umoja wa Mataifa: ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2014 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Siku hizi mbili zimekaa jirani kama nyumba mbili za kijiji kimoja. Leo tungependa kuwaeleza jinsi mafundisho yanayosherehekewa kesho yalivyotusaidia sisi tunaoadhimishwa leo.

Ndugu zetu, hatuna budi kuanza na kosa letu. Mwalimu anayeficha kosa lake ubaoni huwafundisha watoto kosa hilo hilo.

Tulipoanza kazi hii hatukuwa na mafunzo yoyote. Tulikuwa na mikono tu, na yale tuliyoyaona kwa wazee wetu kule ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: maji ya moto, chumvi, mafuta ya mawese, na nguvu. Watu walikuja, wakapata nafuu, wakatusifu. Sifa zikatulevya. Jioni moja bibi mmoja alituletea mjukuu wake wa miaka tisa, aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Mkono ulikuwa umevimba. Tukausugua, tukauvuta, tukamwambia mtoto avumilie kwa sababu yeye ni mwanamume. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Baada ya siku mbili alipelekwa hospitali, wakaona kwamba mfupa ulikuwa umevunjika, na kwamba kuvuta kwetu kulikuwa kumeusogeza zaidi. Alifungwa plasta. Mkono ulipona, lakini hadi leo haunyooki sawasawa.

Bibi yule hakututukana. Alikuja akakaa, akatuuliza neno moja tu: "Mwalimu, siku ile mlikuwa mnajua, au mlikuwa mnabahatisha?"

Hatukuwa na jibu. Tuliacha kazi kwa miezi minne.

Katika kipindi hicho tulimwendea mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo aliyekuwa akifanya kazi hapa kambini, tukamwomba atufundishe. Alikubali kwa sharti moja: kwamba kwa wiki tatu za mwanzo tusimguse mtu yeyote. Tulishangaa. Tulitaka kujifunza kukanda, naye anatukataza kugusa! Mtaalamu huyo alikuwa na desturi ya kufanya mazoezi ya yoga kila alfajiri juu ya blanketi, na ndipo alipotueleza chanzo cha sharti lake.

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Mzizi wake una maana ya kuunganisha, kama nira inavyowaunganisha ng'ombe wawili walime pamoja. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, mwalimu aitwaye Patanjali alikusanya mafundisho hayo katika sentensi fupi fupi zipatazo 196, na ndani yake akaeleza njia yenye sehemu nane. Watu wengi wakisikia yoga hufikiri ni kupindapinda mwili. Lakini katika njia hiyo, mikao ya mwili ni sehemu ya tatu. Ya kwanza huitwa yama, yaani mambo matano ya kujizuia. Ya pili huitwa niyama, yaani mambo matano ya kuyashika. Kupumua kwa utaratibu kunakuja katika nafasi ya nne, kisha sehemu za kuituliza akili. Maana yake ni kwamba mtu huifunza nafsi yake kwanza, na mwili unafuata. Sisi tulikuwa tumeanzia mkononi, na nafsi tulikuwa tumeisahau.

Tunajua kuna wazee wetu wa kanisani na wa msikitini wanaouliza: je, hii siyo dini ya watu wengine? Swali hilo ni halali. Ni kweli kwamba mafundisho haya yalikulia katika dini za India, na hata wafuasi wa dini ya Jaini wanayashika hayo hayo matano ya kujizuia kama viapo vyao vikuu. Sisi hatukubadili dini. Katika kikundi chetu wamo Wakristo wa madhehebu matatu na Waislamu wawili, na kila mmoja anasali anakosali. Tulichokichukua ni nidhamu. Tulipoyasoma yale matano hatukukuta hata moja ambalo mama zetu hawakutufundisha. Jambo jipya lilikuwa kuyapeleka kazini, moja baada ya jingine, kama fundi anavyopanga vifaa vyake.

La kwanza ni ahimsa, yaani kutodhuru. Mtu angedhani hili ni jepesi, kwa kuwa nani anakanda kwa nia ya kudhuru? Lakini mkono wa yule mtoto hatukuuharibu kwa nia mbaya. Tuliuharibu kwa kutojua, na kwa kiburi cha kutotaka kusema hatujui. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kumgusa mtu, tunauliza na kutazama. Mtu mwenye homa hatumkandi, tunampeleka akapimwe malaria. Mahali palipovimba baada ya kuanguka hatupagusi. Penye kidonda, upele au usaha hatupagusi. Tumbo la mama mjamzito hatuliminyi wala kuligeuza, hata akituomba. Mtu mwenye maumivu ya mgongo anayesema pia kwamba miguu imekufa ganzi au mkojo haumtii, tunamkimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Na jambo moja tunaomba kila aliye hapa alishike. Mguu mmoja ukivimba kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto na wenye maumivu, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni au mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi, msiukande. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiusugua, bonge hilo laweza kung'oka, likaenda mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa. Mguu wa namna hiyo dawa yake ni hospitali.

La pili ni satya, yaani ukweli. Mkandaji hujaribiwa sana kusema uongo, maana mwenye maumivu anataka kuahidiwa. Mama mmoja alitujia kwa ajili ya mumewe aliyepata kiharusi. Alisema: "Niambieni tu kwamba atatembea, nitauza hata kitenge changu." Ingekuwa rahisi kumwambia ndiyo. Tulimwambia kwamba kumnyoosha viungo kila siku kutazuia visikakamae, kwamba kumgeuza kutazuia vidonda vya kitandani, na kwamba kuhusu kutembea, aulizwe daktari. Alilia. Lakini alirudi, tukamfundisha kumnyoosha mumewe mwenyewe, na kitenge chake anacho mpaka leo. Kukanda hulegeza misuli, hupunguza maumivu kwa muda, humsaidia mtu kupata usingizi. Hayo tunayasema. Hakuondoi uchawi, hakuponyi kisukari, hakurudishi mfupa uliovunjika. Hayo nayo tunayasema.

La tatu ni asteya, yaani kutoiba. Tulijiuliza: sisi tunaiba nini? Tukagundua kwamba tulikuwa tunaiba mafuta. Tulipoishiwa mafuta ya kukandia tulikuwa tukipokea ya mgao wa chakula. Ndugu zetu, kila mmoja hapa anajua chupa ya mafuta ya mgao inatakiwa ifikishe familia wapi, na mgao unapopunguzwa hali inakuwaje. Kupokea mafuta hayo kumpaka mtu mgongoni ni kuyatoa katika chungu cha watoto. Tuliacha. Mara nyingi sasa tunakanda juu ya nguo bila mafuta, na kazi inakwenda. Kuiba kwingine ni kuiba siri. Mtu akilala kifudifudi, mwili ukalegea, ulimi nao hulegea. Atasema mambo ya ndoa yake, ya njiani alikopita, ya kesi yake ya ukimbizi. Maneno hayo ni mali yake. Anayeyachukua na kuyapeleka kisimani ni mwizi kama mwizi mwingine.

La nne ni brahmacharya, yaani kuitawala tamaa ya mwili. Hapa tutasema waziwazi, kwa kuwa ndipo jina la kazi yetu lilipochafuka. Tunajua vijana wakisikia neno masaji wanacheka, na tunajua kuna baba aliyemkataza binti yake kujiunga nasi. Hatumlaumu. Wala jambo hili si la kambini peke yake. Mwaka 1894 huko Uingereza, jarida la madaktari la nchi hiyo liliandika juu ya nyumba za London zilizojiita za kukanda mwili, kumbe ndani yake mlikuwa na biashara ya ukahaba. Wanawake wanne, wauguzi na wakunga, waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa heshima, hawakukaa kulalamika. Mwaka huo huo waliunda chama na kujiwekea masharti: kutokanda bila maelekezo ya daktari, kutotangaza biashara ila katika majarida ya utabibu, kutouza dawa kwa wagonjwa, na kutowakanda wanaume ila daktari akiomba kwa sababu maalumu. Mwaka 1920 chama kilipewa hati ya kifalme, nacho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa tiba ya viungo cha Uingereza hadi leo. Kazi iliyokuwa imechafuliwa jina ikawa taaluma ya hospitalini.

Nasi tumejiwekea masharti yetu. Mwanamke anakandwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Mtoto anakandwa mzazi akiwapo. Mwili unafunikwa kitenge, na panafunuliwa pale panapokandwa tu. Kabla ya kuweka mkono tunaomba ruhusa, na mtu akisema "acha", mkono unaondoka hapo hapo bila kuuliza sababu. Sharti hili la mwisho lina uzito wake kwetu. Miongoni mwetu wamo watu walioguswa kwa nguvu, waliofungwa, waliopigwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kushtuka kwa mkono uliokuja kwa wema. Hatumwulizi yaliyompata. Tunangoja. Dada mmoja alituletea shingo yake kwa wiki tano, na kwa wiki nne za mwanzo alikaa tu kwenye mkeka akavuta pumzi pamoja nasi, akaenda zake. Wiki ya tano alisema: "Sasa wekeni mkono." Hakuna siku tuliyopata heshima kubwa kuliko hiyo.

La tano ni aparigraha, yaani kutojilimbikizia. Hatumkandi mtu mara kumi kama mara tatu zinatosha. Anayeweza kujinyoosha mwenyewe tunamfundisha, tunampoteza kama mteja, na tunafurahi. Mwenye uwezo hutoa chochote, asiye nacho hatoi.

Hayo ndiyo matano ya kujizuia. Matano ya kuyashika tutayapitia kwa ufupi.

Usafi ni la kwanza, na hapa kambini ni jambo la foleni ya maji. Hata hivyo kila mmoja wetu huweka dumu lake dogo kwa ajili ya kazi hii: mikono kunawa kwa sabuni kabla na baada, kucha fupi, kitambaa kufuliwa na kuanikwa juani. La pili ni kuridhika na kile ambacho kazi ya siku imeleta.

La tatu huitwa tapas, neno lenye maana ya joto. Ndiyo bidii ya kila siku inayomchoma mtu kidogo ili aive. Hapa ndipo mazoezi ya mwili yanapoingia. Wakandaji wengi huacha kazi mapema kwa sababu wanaharibu vidole gumba, vifundo vya mikono na migongo yao wenyewe. Sisi huamka saa kumi na moja alfajiri, tunakunja blanketi, tunafanya mikao michache ya kusimama, ya kuinama na ya kunyoosha mgongo, kisha tunakaa tukipumua taratibu. Patanjali hakuelekeza mikao mingi. Alitaka tu mkao uwe imara na wenye utulivu. Hilo ndilo tunalolibeba kazini. Mgongo umenyooka, goti moja mbele, uzito wa mwili ndio unaobonyeza, vidole visisukume. Tunabonyeza tukitoa pumzi, tunaachia tukivuta. Ukiona umeanza kubana pumzi yako, jua kwamba unatumia nguvu kupita kiasi, na aliye chini ya mkono wako ameshaumia.

Vijana wakilalamika kwamba miili yao ni dhaifu, huwa tunawaeleza habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India. Alizaliwa mwaka 1918, wakati wa ule ugonjwa mkuu wa mafua. Utotoni aliugua malaria, kifua kikuu na homa ya matumbo. Mwaka 1937, akiwa bado kijana, alitumwa mji wa Pune kufundisha, akafundisha huko maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Alijulikana kwa kutumia kamba, vipande vya mbao na blanketi zilizokunjwa ili hata mgonjwa na mzee waweze kufanya mikao. Blanketi, ndugu zetu, kila mmoja wetu analijua.

La nne ni kujisomea na kujichunguza. Kila mmoja wetu ana daftari. Anaandika tarehe, sehemu aliyokanda, muda aliotumia, na kosa alilofanya. Jina la mtu haliandikwi. Daftari hili ni la kujisahihisha, na pia ni la kesho. Hatujui kesho yetu ni kurudi nyumbani au kuhamishiwa nchi ya tatu. Lakini tunajua kwamba huko mbele kazi hii ina mitihani na leseni. Majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, hudai mafunzo ya saa 500 au zaidi. Daftari letu si cheti, wala hatuwadanganyi vijana kwamba ni cheti. Ila anayezoea kuhesabu saa zake hapa hatashindwa kuzihesabu darasani kule.

La tano ni kujikabidhi kwa Mungu. Hilo kila mmoja analijua kwa namna ya imani yake, nasi hatuna la kuongeza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya kumaliza tuna maombi matatu. Kwa Kamati: tunaomba orodha ya watu wanaofanya kazi ya kukanda kambini iwekwe, na masharti tuliyoyataja yabandikwe katika kila zoni, ili mtu akikosewa ajue pa kulalamikia, hata kama aliyemkosea ni mmoja wetu. Kwa ndugu wa mashirika ya afya: tunaomba karatasi fupi ya rufaa, ili tukimtuma mtu hospitali aeleweke amekuja kwa sababu gani, na nanyi mturudishie jibu tujifunze. Kwa wazazi: tunaomba msiwakataze binti zenu kabla ya kuja kututazama. Mkeka wetu uko wazi kila Jumamosi alasiri nyuma ya shule.

Mtoto yule aliyeanguka kutoka juu ya mwembe yuko darasa la sita sasa, na ni mwanafunzi wetu. Ni hodari wa hesabu. Kila tukiuliza swali hunyoosha mkono ule ule, na mkono huishia pale unapoishia. Kila siku ya shule tunauona. Bibi yake bado yu hai, yuko hapa uwanjani leo, na ametupa ruhusa tuyaseme haya.

Bibi, lile swali lako tumelibeba mpaka leo. Siku ile tulikuwa tunabahatisha. Siku hizi, tunapojua, tunakanda. Tusipojua, tunaondoa mkono na kusema hatujui.